Meno Yaliyokauka

Maneno yenyewe yalikuwa matano tu, na aliyatamka polepole, kama mtu anayeuliza saa.

"Labda alichanganya meno huko machinjioni."

Alipokwisha kuyasema, Bi Meno aliinua uso, na macho yake yakagongana na ya mwanamume aliyesimama karibu na mlango wa maabara, kofia mkononi, ndoo ya chupa miguuni. Mwanamume yule alimtazama mara moja tu, si kwa hasira, ingekuwa hasira angeivumilia. Kisha akainama, akaokota ndoo yake, akamwambia Profesa, "Nimekusikia, mzee," akatoka. Bi Meno alimsikia akishuka ngazi hatua kwa hatua, bila haraka, maana mtu huyu hata kwa kudhalilishwa hakuwa na haraka. Ndiyo sababu wachinjaji wenzake walimwita Taratibu.

Jina la Bi Meno nalo lilitoka kwa wachinjaji haohao. Miaka miwili nyuma alikwenda machinjioni kwa mara ya kwanza na barua yenye mhuri, akiomba meno thelathini ya mbele ya ng'ombe, ya juu. Taratibu aliisoma barua ile mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akasema, "Dada, ng'ombe wa namna hiyo bado hajazaliwa." Akamfungulia kichwa kimoja aone mwenyewe kwamba ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu, meno yako chini. Msomi mzima, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamivu katika mambo ya meno, alitamani sakafu immeze. Kisha akacheka, na Taratibu akacheka, na mapenzi yakaanza hapo, kwenye chumba cha vichwa. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alimletea chupa za meno ndani ya maji, kila chupa na kikaratasi chake: tarehe, na umri wa ng'ombe. Umri aliusoma mdomoni, kama wafugaji wanavyousoma. Meno ya ng'ombe mzee hakuyachukua kabisa, maana yameshalika.

Kazi ya Bi Meno ilikuwa kujua kama jino la ng'ombe linaweza kushika nafasi ya jino la binadamu katika majaribio ya kulika kwa meno. Meno ya watu ni adimu. Daktari hang'oi jino zima kwa kupenda, na mgonjwa aliyeng'olewa si kila mmoja hukubali kuliacha. Alihangaika mwaka mmoja na nusu, kliniki hadi kliniki, kuyapata thelathini na nane. Mashine huyasugua ya watu na ya ng'ombe mara laki moja kila moja, na yeye hupima kwa darubini ni kiasi gani cha enameli, lile ganda jeupe gumu la nje, kimeondoka. Sharti kubwa la kazi ni moja tu, na kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza: jino lisikauke. Likikauka hupata nyufa ndogo jicho lisizoziona, na likisuguliwa hulika ovyo.

Meno yalikuwa yamekauka, na aliyeyakausha alikuwa yeye.

Ijumaa moja, wiki sita zilizopita, alimwaga maji ya zamani kwenye masinia yote mawili, la watu na la ng'ombe, ili atie mapya. Simu ikalia. Mama yake. "Mgeni wako anakuja saa ngapi? Nimeshatandika meza." Siku hiyo Taratibu alikuwa anakwenda kujitambulisha. Bi Meno aliangalia saa, akavua koti, akakimbia. Jumatatu aliyakuta masinia makavu kama alivyoyaacha. Akatia maji upesi, akatazama mlangoni, akajiambia Mungu atasitiri.

Hakusitiri. Majibu ya kwanza ya mashine yalipotoka, kabla ya zamu ya meno ya watu, ya ng'ombe yalikuwa yamelika mara tatu ya ilivyotarajiwa. Profesa alimwita mleta meno, akamhoji mbele ya fundi wa maabara na wanafunzi wenzake wawili. "Haya ni ya ng'ombe vikongwe," alisema. "Ulituletea ya vikongwe ukaandika vijana." Bi Meno akapiga hesabu moja, fupi. Kosa likiwa la mchinjaji, ataleta mengine na kazi itaendelea. Kosa likiwa la ukavu, yale thelathini na nane nayo yameharibika, na mwaka mmoja na nusu umekwenda na maji yaliyokosekana. Ndipo akayasema yale matano.

*

Siku tatu zilipita. Bi Meno alikwenda kazini, akarudi, akalala bila usingizi. Siku ya tatu jioni mama yake alimkuta jikoni amesimama mbele ya sinki na bomba linatiririka.

Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, aliyemlea binti mmoja kwa mkono mmoja na chaki kwa mkono wa pili. Alifunga bomba.

"Nimesikia yule kijana amewaharibia kazi."

"Nani amekuambia?"

"Mwenzako wa maabara, tumekutana dukani. Mwanangu, mimi sikusema kitu alipokuja hapa. Nilimkaribisha vizuri au sikumkaribisha?"

"Ulimkaribisha."

"Lakini moyoni nilijua. Mtu wa visu na damu, atajua wapi kazi ya usomi? Mungu amekuonyesha mapema."

Bi Meno alimwangalia mama yake. Aliikumbuka ile Ijumaa, Taratibu alipokwisha kuaga, jinsi mama alivyochukua kikombe alichonywea, akakiosha, akakigeuza, akakiosha tena. Na yeye alikuwa palepale akifuta meza.

"Mama, meno niliyakausha mimi."

"Uliyafanya nini?"

"Niliyaacha bila maji. Ijumaa ile. Yeye hakukosea kitu."

Mama alivuta kiti, akaketi. Aliponena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

"Mama."

"Nyamaza, nimesema. Yeye atapata kazi popote penye ng'ombe. Wewe shahada hii ukiikosa utaipata wapi? Nimeuza shamba la marehemu baba yako kwa ajili ya hiyo shahada. Usinifanye niseme mengi."

Alikuwa anaongea kwa upendo, na hilo ndilo lililomtisha Bi Meno. Mama alikuwa anamfunika kwa nguo ileile ambayo binti mwenyewe alijifunika siku tatu, na kumbe ilikuwa inanuka. Alisema, "Nimekusikia, mama," akaenda chumbani. Huko aliketi kitandani mpaka kulipopambazuka, akavaa viatu vya chini.

*

Machinjioni saa mbili asubuhi kazi kubwa huwa imekwisha. Nyama zimeshapakiwa, wanaume wananawa mikono hadi viwikoni na kutaniana. Bi Meno alizoea kupokelewa kwa kelele: shemeji huyo, shemeji karibu, Taratibu jifute uso mkeo kaja. Leo waligeuka wote, wakanyamaza. Mnene mmoja aliyekuwa akimtania kuliko wote alimwambia kwa adabu, "Karibu, dada."

Dada. Neno lile lilimpiga usoni.

"Namtafuta Taratibu. Yuko chumba cha vichwa?"

"Hayuko tena huko. Barua ya Profesa wenu ilifika kwa meneja. Yuko nyuma, anaosha sakafu."

Alimkuta na mpira wa maji, buti hadi magotini, akisukuma maji mekundu kuelekea kwenye mfereji. Aliufanya hata uoshaji ule kwa utaratibu, kutoka kona moja hadi nyingine, bila kuruka mahali. Alimwona Bi Meno, akageuza mpira upande wa pili usimrushie maji.

"Simama huku," alisema. "Hapo utateleza."

Akasimama alipoonyeshwa.

"Nimekuja."

"Nimeona."

"Sikujua kama wamekutoa kwenye vichwa."

"Ulidhani wangenipa cheo?"

Njia nzima Bi Meno alikuwa amepanga maneno, na sasa hakuna hata moja lililokuwa tayari kutoka.

"Kwa nini hukujitetea? Una daftari. Kila kichwa umekiandika."

"Ninalo."

"Ungelionyesha yangekwisha."

"Yangekwisha kwangu. Yangeanza kwako." Akafunga maji, akatundika mpira. "Profesa alinionyesha yale masinia, unakumbuka? Akasema tazama mwenyewe. Nikatazama. Mimi nakaa na vichwa tangu nina miaka kumi na tisa. Jino lenye maji lina rangi yake, na lililokauka lina rangi yake. Yale yalikuwa chaki. Nikatazama na sinia la pili, la watu. Chaki vilevile. Watu nao walikuwa vikongwe?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kabla hujafungua mdomo. Nikasubiri. Mzee anaongea, mimi nasema moyoni, sasa hivi atasema. Anajua kwamba najua, atasema. Halafu ukasema."

Bi Meno alijiona anazidi kuwa mdogo. Alitamani mwanamume huyu amtukane, ampigie kelele mbele ya wenzake wote, lakini Taratibu aliongea kama anavyoongea siku zote, na kila neno lilifika.

"Ni ile Ijumaa uliyokuja nyumbani," alisema. "Nilikuwa nabadilisha maji. Mama akapiga simu, nikakimbia. Niliogopa utafika kabla yangu."

"Ningefika kabla yako ingekuwaje?"

"Mama angekufungulia mlango peke yake."

"Angenila?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nauliza. Uliogopa nini?"

"Niliogopa aibu."

"Aibu ya nini?"

Mahali fulani nyuma ya ukuta mtu alikuwa ananoa kisu, ule mlio wa chuma ukienda na kurudi.

"Sema tu," Taratibu alisema. "Umetoka nyumbani asubuhi yote hii. Usirudi nalo."

"Yako," alisema Bi Meno. "Niliona aibu ya kuwa na wewe. Unavyonuka, mikono yako, jinsi utakavyokaa kwenye viti vya mama. Nilitaka niwahi, nikae katikati yenu nikutafsiri. Nakupenda, na nilikuonea aibu. Vyote viwili. Sijui kama vinakaa pamoja."

Taratibu alifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa safi.

"Siku ile nilioga mara tatu," alisema. "Nikaazima manukato ya shemeji yangu, nikanuka kama harusi nzima. Nikasema hata mama mtu akinikataa, si kwa harufu." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Nilipoondoka alisemaje?"

"Hakusema kitu. Aliosha kikombe chako mara mbili."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nafuta meza."

"Basi kule maabara hukuanza," alisema Taratibu. "Uliendelea."

Machozi yalimtoka Bi Meno bila kumwomba ruhusa. Alimwona Taratibu ananyanyua mkono, mkono ule aliokuwa akimfuta nao siku nyingine zote, akaurudisha chini. Hilo lilimuuma kuliko maneno.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, tafadhali."

"Hapa?"

"Hapa, popote."

"Hapa hakuna aliyesikia nikiitwa mwongo. Hapa wananijua. Wewe unaniomba msamaha nyuma ya machinjio, penye mfereji, ukishanawa uso utarudi kule juu, na kule mimi bado ni mtu aliyechanganya meno."

"Nitakwenda kusema. Ukiniambia nitakwenda sasa hivi."

"Sikuambii." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Nikikutuma ukaenda, itakuwa nimejitetea mimi kwa mdomo wako. Sitaki. Na ukisema utapoteza yale ya watu, najua ulivyoyahangaikia. Ulinisimulia moja moja, la yule bibi aliyetaka kwanza ulibusu jino lake ndipo akuachie. Siwezi kukutuma huko. Nenda nyumbani."

Akafungua maji tena. Bi Meno alisimama pale alipoonyeshwa mpaka maji yalipomfikia viatuni, akageuka.

*

Hakwenda nyumbani. Alipanda ngazi za maabara na viatu vyake vimelowa, na harufu ya machinjio ilimtangulia mlangoni. Fundi wa maabara aliinua pua, akaishusha kwa heshima. Wenzake wawili walikuwa kwenye darubini. Profesa alikuwa amesimama akisoma karatasi.

"Profesa, naomba unisikilize. Na nyinyi, tafadhali, msitoke."

Aliyasema yote akiwa wima. Ijumaa, maji, masinia mawili, Jumatatu, na maneno aliyoyatamka akijua ni uongo. Hakusema alikuwa amechoka, wala hakumtaja mama yake.

Profesa alivua miwani.

"Ya watu pia?"

"Ya watu pia."

"Yote thelathini na nane?"

"Yote, mzee."

"Unajua maana yake."

"Naanza upya."

"Unaanza upya, na mwaka huu huhitimu. Na mimi nimemwandikia meneja wa machinjio barua." Alikaa. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na sasa alionekana amezeeka ghafla. "Nilimwambia mtu mzima kwamba hajui umri wa ng'ombe. Barua ya pili nitaiandika leo. Lakini kwanza apigiwe simu. Nani atampigia?"

Fundi alitazama viatu vyake. Wenzake walitazama darubini.

"Mimi," alisema Bi Meno. "Na nitaiweka kwa sauti, msikie wote."

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, yalisikika maji.

"Naam."

"Ni mimi."

"Nimeona jina."

"Niko maabara. Niko na Profesa, niko na fundi, na wenzangu wawili. Ni walewale wanne. Wanakusikia."

Maji yalifungwa upande wa pili.

"Meno niliyakausha mimi," alisema. "Hukuchanganya. Uliyoyaleta yalikuwa sawasawa na ulivyoandika. Nilijua hivyo nilipokusingizia, na nilikusingizia mbele yao, kwa hiyo nakuomba radhi mbele yao. Ni hilo tu."

Mwenzake mmoja, yule aliyekutana na mama dukani, alianza kufuta meza isiyo na kitu.

"Nimesikia," alisema Taratibu. "Mpe simu fundi."

Alitoa simu kwa mikono miwili. Fundi aliipokea, akasahau kuondoa sauti, au hakutaka.

"Kaka," ilisema simu, "mkihitaji meno mapya nitaleta. Kazi ni kazi. Lakini kila chupa nitakukabidhi wewe mkononi, uhesabu mbele yangu, utie sahihi. Yeye asinipokelee."

"Sawa, kaka."

"Haya."

Simu ilikatika. Fundi aliirudisha. "Amesema nipokee mimi," alisema.

"Nimesikia."

"Usijali sana, dada."

"Nimesikia, kaka. Ahsante."

Hakulia. Alichukua sinia la watu, akaketi kwenye kona yake, akaanza kazi iliyokuwa mbele yake. Kila jino lilikuwa na lebo: namba, umri wa mwenyewe, jino la wapi. Chini ya kila lebo aliandika kwa kalamu ya wino usiofutika, "Limekauka. Halifai," na jina lake yeye mwenyewe kama aliyehusika. La kwanza lilikuwa la dereva wa lori. La pili la mwanafunzi wa sekondari. La bibi wa kulibusu alilifikia adhuhuri, akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu bibi yule aliliacha jino lake kwa moyo mmoja.

Wenzake walitoka mmoja mmoja. Profesa alipita nyuma yake, akasimama kidogo, akaenda zake na barua mkononi. Bi Meno alimfikiria mama yake, jinsi atakavyomwambia jioni, na shamba la baba. Alimfikiria Taratibu akipanda ngazi hizi kila Ijumaa, akipita mbele ya kona hii bila kusimama, na yeye amekaa hapa anaangalia. Angeangalia. Hakuwa na haki ya kutazama pembeni.

Alikuwa amebakiza manane simu ilipotikisika mezani. Aliogopa kuigusa. Ujumbe ulikuwa wa neno moja.

"Umekula?"

Alisoma neno lile mara nyingi, kama mtu asiyejua kusoma. Mwanamume ambaye yeye alimvunjia jina na kumfanya aoshe sakafu, mwanamume aliyemkataza asubuhi hiyohiyo kumpokelea hata chupa, alikuwa amekaa mahali fulani na mikono yake mikubwa, akahesabu saa, akajua kwamba tangu jana hajatia kitu tumboni. Alikuwa bado na hasira, na hasira ile haikumzuia kuuliza. Hapo ndipo aibu ilipomshinda kabisa Bi Meno, akaweka kichwa mezani kati ya meno ya watu, akalia kana kwamba asubuhi hakulia kabisa.

Alipoweza kuona herufi, aliandika, "Bado."

Jibu halikuja upesi. Lilikuja kwa mwendo wake, kama kila kitu chake.

"Kula kwanza. Mengine tutaona."